Sanduku la Waliofungwa

Mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Kabla ya salamu nina ugomvi na wewe. Miezi saba hujatia mguu hapa. Hata aliyevunjika nyonga huruhusiwa hospitali kabla ya hapo. Uko mwendo wa basi moja, saa mbili na nusu ukikaa kiti cha mbele, na bado nakusikia kwenye simu ya jirani tu kama mtangazaji wa redio. Kila Ijumaa saa kumi unampigia Sindano, fundi cherehani wangu wa ng'ambo ya uchochoro, naitwa mbiombio na goti langu hili, unauliza sanduku la kwanza wangapi, la pili wangapi, la tatu wangapi, halafu haya bibi, kwaheri bibi. Kuna Ijumaa nilikuwa na homa mpaka meno yanagongana, ukaniuliza kama mende wamekunywa maji.

Haya, sasa salamu. U hali gani? Unalala? Yale maumivu ya shingo ya kuinamia hadubini kutwa yamepungua? Mimi sijambo, goti la kushoto ndilo lenye nongwa. Mjomba wako hajambo, bado yuko idara ya maji, na maji bado yanakatika. Anayeandika ni Sindano mwenyewe, maana unajua mimi na kalamu hatujawahi kutambulishwa. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe kama gauni la harusi, na asilalamike mkono, kwa kuwa leo sina habari fupi. Simu sikuitaka. Kwenye simu unakata, na duka lake lina masikio mengi kuliko vifungo.

Ijumaa iliyopita ulikuwa na furaha mpaka sauti ikakukauka. Ulisema umemaliza kuandika kazi yako ya miaka minne, na kwamba mwisho wa mwezi ujao utasimama mbele ya walimu watano wakuulize, na ukiwajibu vizuri utaitwa daktari wa wadudu. Ukasema kilichompendeza mwalimu wako mkuu kuliko vyote ni sanduku la tatu, kwamba muda wote huu hakuna hata jike mmoja aliyezaa. Ukasema, bibi, sanduku la tatu ndiyo nguzo ya nyumba nzima. Nikakupa hongera. Nikarudi nyumbani, nikamimina chai, ikapoa, nikaimwaga. Kwa hiyo nakuomba usisimame mbele ya mtu yeyote kabla hujaimaliza barua hii. Na usiruke mistari, nakujua.

Siku uliyoleta yale masanduku ulisema jengo lenu linaezuliwa paa, kwamba wadudu wako hawawezi vumbi la saruji, na kwamba ni wiki tatu tu, ambazo sasa zimekuwa miezi saba. Mimi nilidhani ni nyuki, nikasema asali si haba. Ukafunua wavu. Miaka yote ya maisha yangu nawakimbiza mende kwa ndara, na leo mjukuu niliyemchana nywele kwa kitana changu mwenyewe ananiletea mende kwa gari la kukodi, wamefunikwa taulo wasipigwe na upepo. Ukaniambia hawa si wale wa chooni, hawa wana heshima zao, hawatagi mayai wakayaacha nyuma ya kabati, wanabeba mimba kama mbuzi, wanawalisha watoto maziwa mlemle tumboni na kuwazaa wakiwa wanatembea. Nikasema heshima hiyo nitaiona kwanza.

Basi nikawapa stoo. Nikahamisha sufuria zangu kubwa na gunia la mkaa. Kila asubuhi pamba iliyolowa maji, kila jioni chakula cha mbwa kilichopondwa. Nimezaa tisa, sijawahi kununua chakula cha mbwa, na sasa mwenye duka ananiuliza huyo mbwa wangu anaitwa nani mbona habweki. Nimemwambia anaitwa Daktari. Kingo za masanduku nikazipaka mafuta ya mgando wasipande, kama ulivyoagiza. Mmoja alipanda vilevile, akatokea sebuleni mjomba wako akiwa anakula, naye akavua ndara. Nilimdaka mkono hewani. Nikamwambia huyo ni mjamzito na anahesabiwa. Aliniangalia kama mtu anayewaza anipeleke kupimwa kichwa.

Sanduku la tatu lilikuja na kufuli. Hilo unalikumbuka, maana ndilo lililotutoa maneno. Lina pete mbili za chuma, na ubavuni lina kidirisha kidogo cha kupitishia chakula, kwa hiyo hata likifungwa wanakula. Nilipoliona lile kufuli damu ilinipanda. Nikakuuliza ni nani katika nyumba hii aliyewahi kuiba mende. Nikakuambia kwamba katika nyumba niliyokulea hakuna mlango uliofungwa mbele ya uso wangu, na kama huniamini, beba wadudu wako ukawaweke kwa unayemwamini. Ukacheka, ukalifungua, ukalitia mkobani. Ningekuwa wewe nisingecheka.

Halafu ukakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ukanifundisha. Nilielewa zaidi ya ulivyodhani. Ulisema nyuma ya ubongo wa mende kuna tezi mbili, ndogo kuliko kichwa cha pini. Tezi hizo zinatoa maji fulani, ukayaita homoni ya ujana. Mende akiwa bado mtoto, maji hayo yanamwambia tulia, vua ngozi lakini ubaki mtoto. Yakikauka ndipo anakuwa mtu mzima. Halafu, na hapa ndipo nilipokuona unanichezea, maji yaleyale yakirudi kwa jike mzima yanamwambia jambo jingine kabisa, kwamba jaza mayai, uwe mama. Ila tezi hazijiamulii. Ubongo ndio umeshika bomba. Jike ambaye hajakutana na dume, ubongo wake umelifunga. Wakikutana, habari inapanda kichwani, bomba linafunguliwa. Akishika mimba, tumbo nalo linapeleka habari juu kwamba nyumba imejaa, na ubongo unafunga tena mpaka azae.

Nilipomsimulia mjomba wako alisema hiyo ndiyo elimu pekee uliyowahi kuileta nyumbani akaielewa, kwamba ubongo ni idara ya maji, unakata bila kutoa taarifa. Sindano yeye aliuliza kama hayo maji ya ujana yanauzwa kwa chupa. Ameandika hili kwa kulazimishwa.

Sanduku la kwanza, ulisema, ni majike waliokaa na madume. La pili ni wajawazito. La tatu ni majike wanane peke yao, tangu siku walipovua ngozi ya mwisho, na kila mmoja na doa lake la rangi ya kucha mgongoni usije ukawachanganya. Ukaniachia mikebe mitatu na kibaba cha maharage. Jike akizaa, punje moja inaingia kwenye mkebe wa sanduku lake. Ukaligusa lile la tatu kwa kidole, ukasema, ndiyo maneno yako, hawa bibi wamefungwa.

Sasa wewe mwenye vitabu, huwezi kumwambia mwanamke wa umri wangu kwamba majike wanane wamefungwa halafu ukapanda gari ukaenda zako. Kwangu mimi neno hilo halina tezi wala bomba. Aliyefungwa ni aliyefungwa kizazi, na aliyemfunga ana jina, na kazi inayobaki ni kumtafuta wa kumfungua. Hata Sindano nilipomweleza, cha kwanza alichouliza ni nani kawafunga, au ni shangazi yao. Anakana huku anaandika.

Niliwaangalia kila siku. Wale wa sanduku la kwanza na la pili wanazaa, watoto weupe kama punje za mchele wanamzunguka mama yao, baada ya saa chache wanapiga weusi. Punje zinaingia mkebeni, ko, ko. Wa tatu, kimya. Wanakula, wanakunywa, wanapangusana masharubu. Mkebe wao mtupu. Nikiutikisa hausemi kitu. Na mimi nikitikisa mkebe mtupu kuna mtu namkumbuka, usijifanye humjui, ana miaka thelathini na mbili na chumba chake kina vitabu mpaka juu ya kitanda.

Hapa niweke habari ya fundi vioo. Unamfahamu, yule mjane mwenye duka la vioo huku mtaani kwetu, mpole, mikono imejaa makovu. Mwezi wa pili baada ya kuleta masanduku alikuja kwako kupima dirisha. Dirisha lako lilikuwa zima. Jumapili iliyofuata akaja kupima jingine, nalo zima. Mara ya tatu alikuja na kioo chenyewe, na shati jipya lenye mikunjo ya dukani, akakuambia ameagizwa na watu wa kwenu. Ulimfungia mlango, kioo kikamvunjikia ngazini. Hapohapo ukampigia mjomba wako moja kwa moja kwenye simu yake, ukamwambia kwamba yeye na idara yake wapeleke maji, wasipeleke waume. Ukamwambia hukanyagi tena nyumba anayolala yeye. Mjomba wako aliapa kwa macho yake yote mawili. Hukumwamini, kwa sababu mwaka juzi alishawahi kukutania juu ya fundi huyohuyo. Tangu siku hiyo hamjasemeshana. Amekuwa mtu wa kurudi kazini, anauliza kama umepiga simu, naye anajua ni Ijumaa, anajua umepiga.

Sasa inama usikilize, maana waliosema mficha uchi hazai walikuwa wananisubiri mimi.

Mjomba wako hana kosa. Fundi vioo nilimtuma mimi. Mimi ndiye niliyemwambia Jumapili huendi kazini, mimi ndiye niliyemwelekeza nyumba ya pili kushoto baada ya karakana ya baiskeli, na lile wazo la dirisha ni langu, nililipata nikiwa naosha vyombo na nikajiona nina akili. Siku mjomba wako anaapa kwenye simu nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake, namenya njegere. Niliendelea kumenya. Aliweka simu chini, akaniuliza, mama, nimemkosea nini huyu mtoto. Nikamwambia ni mambo ya usomi, yatapita. Miezi mitano na zaidi nimekula naye sahani moja na sikumwambia. Nimemwambia leo asubuhi, kabla ya kumwita Sindano. Hakufoka, na ningependa angefoka. Alisema tu kwamba angalau sasa anajua.

Hilo ni la kwanza. La pili ni baya zaidi, kwa sababu la kwanza limekukasirisha, na hili linaweza kukuangusha.

Wiki ileile niliyomtuma fundi vioo, niliingia stoo na kijiko, nikachukua madume wawili wa sanduku la kwanza, nikawatia sanduku la tatu. Ulinifundisha mwenyewe kuwatambua, dume mwembamba, jike mpana. Nilijiambia hawa maskini wamefungwa, na wa kuwafungua nipo. Nikawaacha siku kumi, nikawatoa. Nilifanya hivyo kama mtu anayepalilia shamba la jirani bila kuulizwa, na akimaliza anangoja ashukuriwe.

Walizaa watano. Mwezi wa nne wawili, mwezi wa tano watatu. Watoto wao niliwahamishia sanduku la kwanza, huko wamechanganyika na wengine. Na kila Ijumaa uliponiuliza sanduku la tatu wangapi, nilikujibu hakuna. Ile ya kwanza nilisema hakuna kwa woga. Ya pili niliisema kwa kuwa niliisema ya kwanza. Baada ya hapo ikawa kama kuitika salamu. Mimi, niliyekupiga kofi una miaka sita kwa kusema hukulamba sukari na sukari iko puani.

Punje zao sikuzitupa. Niliziweka kiganjani nizitupe jalalani, kiganja kikakataa. Zimo kwenye kopo langu la vifungo, zote tano. Kila punje nimeifunga uzi wa rangi ya doa la mama yake, uzi nilioomba kwa Sindano bila kumwambia wa nini, na kwenye uzi nimepiga mafundo, fundo moja kwa kila Ijumaa tangu nilipowatia madume mpaka siku aliyozaa. Mwekundu ana mafundo manane. Mweupe manane. Bluu kumi, zambarau kumi, na yule wa rangi ya dhahabu kumi na moja. Sijui kusoma lakini kuhesabu najua, na hapo sijadanganya hata fundo. Kama hayo yanakusaidia, ni yako.

Wako watatu ambao hawakuzaa. Wa kijani, wa njano, na wa waridi. Nilikaa nikawaangalia siku zile kumi, nimekalia ndoo yako, nikidhani dume hajui kazi. Dume alijua. Alimjia yule wa kijani ameinua mbawa, anatetemeka kama cherehani, na kijani akamgeuzia kisogo akaenda zake kula. Mara ya pili hivyohivyo. Mara ya tatu kijani alimkanyaga dume. Nilimtukana kijani, nakuambia kweli, nilimwita mjinga asiyejua bahati. Hakunisikia. Mpaka leo yuko palepale, ananenepa, ngozi inang'aa, wa kwanza kufika kwenye pamba ya maji.

Nilimtazama yule mdudu nikajisikia hasira ambayo haikuwa ya kwake. Mimi nilipelekwa kwa babu yako hata nywele zangu sijajua kuzisuka mwenyewe. Hakuna aliyeuliza kichwa changu kinasema nini. Waliliuliza tumbo, na tumbo likajibu mara tisa, na wanne kati ya hao nimewazika. Babu yako hakuwa mtu mbaya, simsemi. Ila sijui hata leo kama ubongo wangu ungefungua lile bomba au ungelifunga, kwa sababu aliyeshika bomba langu hakuwa mimi. Wewe ulinieleza kwa mende, nami nikakusikia kwa masikio ya shangazi mwenye wivu. Ulisema wamefungwa. Kumbe ulikuwa unasema wamejifunga, na ufunguo uko kichwani mwao.

Sisemi wewe ni mende. Usije ukalibeba hilo ukamsimulie mjomba wako.

Fundi vioo nilimwita nikamwambia nilikosea, na nikamtaka radhi kwa kioo chake. Alisema alikuwa ameshaelewa pale ngazini, akiokota vipande. Ni mtu mwema, na hakuna tena wa kumtuma dirishani kwako.

Kuhusu walimu wako watano, mimi sijui wanavyohukumu. Labda karatasi ile itarudi mezani, labda mwaka mzima umeupoteza kwa kijiko changu kimoja, na hilo likitokea ni mimi, si wewe. Lakini usiende ukasimama pale useme hakuna, hali kuna watano. Waambie bibi yako alitia mkono. Wakitaka kuniuliza nitakuja, nitavaa viatu vya kufunika, nitakaa kwenye kiti chao na kopo la vifungo mapajani, niwaambie siku, rangi na mafundo. Niliogopa kukuambia wewe. Wao siwaogopi.

Sindano ameacha kuandika mara mbili ili apanguse macho, halafu anasema ni vumbi la pamba. Anakusalimu, na anaapa mbele yangu kwamba haya hayatavuka kizingiti cha mlango wake. Tutaona. Mjomba wako anakusalimu pia, hakuniagiza, lakini ameuliza mara tatu kama barua imefika mwisho. Mpigie yeye kwanza kabla ya kunipigia mimi. Usimwombe msamaha kwa maneno marefu, hayawezi, atatoka nje. Mwambie tu maji yakatike au yasikatike, unakuja.

Kijani, njano na waridi hawajambo. Waliozaa nao hawajambo. Goti langu nimeshalitaja.

Njoo Jumamosi, basi la asubuhi, kabla jua halijakolea. Kopo la vifungo liko juu ya kabati, nyuma ya kioo, litwae mwenyewe, mimi sitakukabidhi kwa mkono huu. Na uje na lile kufuli. Lipige kwenye zile pete mbili mbele ya macho yangu, na ufunguo uondoke nao.

Mimi bibi yako, mke mwenzako,
niliyetia kidole gumba hapa chini.